UZI: Mtoto wa mtaa na mtoto wa babi (tajiri), kwa nini hizi stori za mapenzi hazituchoshi?

karani_wa_umoja:

Wadau, nimeanzisha huu uzi juu nimechoka kuona watu wakisomea hizi hadithi kwa kona halafu wakija hapa wanajifanya wao ni wa siasa na historia tu. Naongelea zile stori za mapenzi za matineja wawili waliotoka pande mbili tofauti, dem wa Kawangware na chali wa Lavington ya mababi, mtoto wa pasta na mtoto wa imamu, mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mama anayepika kwa hiyo nyumba. Mathe hataki kusikia, budake anatishia kumhamisha shule, mmoja hana simu mwingine ana dereva. Tunajua itaenda aje na bado tunasoma mpaka saa nane usiku na kesho ni kazi.

Jibu lenye watu hutoa haraka ni ati tunapenda ndoto ya kuokolewa, maskini amepata tajiri, stori imeisha. Mimi nakataa. Cheki vile vitabu watu hurudia kusoma, pesa haiokoi mtu huko ndani, na kile kipande kinabaki kwa kichwa si busu wala machozi, ni ile siku mmoja anaingia kwao na mwenzake mara ya kwanza. Hiyo ndo sura tamu kuliko zote, na mwandishi akiiruka mimi hufunga kitabu.

Hebu fikiria. Kijana wa Kayole ameambiwa aje Jumamosi kwa akina msichana huko Runda. Fea amekopa kwa binamu. Anashukia barabara ya Kiambu anaanza kutembea, juu matatu haziingii ndani, na pale getini soja anamuuliza umetumwa na nani, kwa sababu mtu wa miguu huko ni fundi ama ameleta mzigo. Kitabu cha wageni kinataka namba ya kitambulisho na yeye hana, bado ni mtoto, sasa soja ameshika kalamu hewani hajui aandike nini. Ndani anaambiwa usijali viatu, na tayari ameshatoa kimoja, na soksi ina shimo pale kwa kidole gumba. Anaulizwa atakunywa nini na hana jibu, kwao hiyo si swali, kwao chai huja tu. Halafu siku ya msichana nayo inafika. Anapandishwa ngazi za ploti, mitungi imejaa kwa korido, nguo za watu zinamdondokea maji shingoni, anaketi kwa kitanda juu kitanda ndo kiti, na mathe wa kijana ametuma mtoto dukani na chupa akaleta soda, moja tu, inawekwa mbele ya mgeni na kila mtu mwingine anaangalia tivii kwa nguvu sana. Anywe yote? Aache nusu? Akisema hana kiu amewatukana, akimaliza amekula ya watoto. Mwandishi mzuri atakaa na hiyo soda kurasa tatu na huwezi kuhema.

Na lazima wawe matineja. Weka hiyo stori kwa watu wa miaka thelathini inakufa, watakodi nyumba Ruaka na wazazi waachwe waseme. Tineja hana kitu chake. Simu ni ya mathe, fea ni ya kuomba, saa ya kurudi imepangwa na mtu mwingine, hata jina la ukoo analobeba liko na ugomvi ulioanza kabla hajazaliwa. Hizo tofauti zote si zao, wameachiwa, na kitabu kizima ni watoto wawili wanakagua huo mzigo wakiulizana hii yote ilikuwa ya nini.

Karibuni. Matusi hapana.

msee_wa_rongai:

Nawapea ya bure. Chali wa Rongai, dem wa Karen. Chali akatuma fea. Dem akala fea. Mwisho 😂😂

karani_wa_umoja:

@msee_wa_rongai pole kwa yaliyokupata lakini umegusa kitu bila kujua. Hiyo fea ndo injini ya stori ya Nairobi. Huko kwa vitabu vya Marekani mtoto wa miaka 16 ana leseni na gari kuukuu, akikasirika anaendesha mpaka kwa mpenzi usiku. Wetu akikasirika anahesabu kama iko ya kuenda na ya kurudi, ama ni ya kuenda pekee. Nishasoma moja mtandaoni, imeandikwa na mtoto wa hapa hapa, yule chali wa kitajiri anapokea zile meseji za bure za "tafadhali nipigie" na anadhani ni matapeli, anazifuta wiki mbili, na msichana upande ule mwingine anajua tu ameachwa. Hakuna aliyekosea. Hiyo peke yake imenishinda kulala.

Baba Tash:

Mimi ni mzazi na nitasema bila kuogopa. Binti yangu yuko kidato cha pili, juzi likizo nimepata simu ya mama yake imejaa hizi stori, sura baada ya sura, na kila stori baba ni shetani. Baba anafunga geti, baba anapiga kelele, baba anauza shamba amhamishe mtoto. Sijaona hata moja yenye baba ako sawa. Mnatuambia zinafundisha nini? Kwamba ukimpata kijana wa maana mzazi ni adui? Na huku nje mambo si ya mchezo, tunajua wasichana waliokatiza masomo. Mnasifu kitu mkiwa watu wazima na mnasahau anayesoma ni mtoto.

karani_wa_umoja:

@Baba Tash mzee shikamoo, na nashukuru umekuja na jina la ubaba, wengine hujificha. Nitarudi kwako, wacha kwanza watu waseme.

mwalimu_wa_fasihi:

Nafundisha Kiswahili sekondari, shule siitaji. Karani umenena, ila nina la kuongeza.

Watu wakiguswa na mada hii hukimbilia Romeo na Juliet wa Shakespeare kana kwamba ni hadithi ya tajiri na maskini. Sivyo hata kidogo. Mstari wa kwanza kabisa wa mchezo ule unatuambia kwamba zile nyumba mbili zilikuwa na hadhi sawa. Wote walikuwa mababi! Juliet hajafika hata miaka 14, na chanzo cha ugomvi wa wazee wao hakitajwi popote, tunaambiwa tu ni kinyongo cha zamani. Kwa hivyo mtu akisema hadithi hizi zote ni za pesa, hata ile anayoitolea mfano inamkana.

Hapa nyumbani tuna The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1965, na wengi wenu mliisoma mkiwa na sare. Waiyaki ni wa Kameno, Nyambura ni wa Makuyu, matuta mawili yanatazamana na mto Honia katikati. Lugha moja, kabila moja, maji wanayokunywa ni mamoja. Kinachowatenga ni kwamba baba ya msichana, Joshua, ameshika dini mpya kwa mikono miwili hadi akamkana binti yake mwingine, Muthoni, na kijana naye upande wake wa mila unamngoja awe mkombozi. Wanafunzi wa Nairobi niliowafundisha hawakuhitaji kuelezwa Honia ni nini. Kila mmoja alikuwa na yake.

Sasa wale mliofanya KCSE (mtihani wa kidato cha nne) kati ya 2018 na 2022 mtakumbuka "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike katika Tumbo Lisiloshiba. Dennis wazazi wake ni maskini, Penina kwao wana nazo, wakapendana chuoni, wakamaliza, Dennis akakosa kazi, Penina akamfukuza. Hao si matineja, ni wa chuo kikuu, lakini darasani hakuna hadithi iliyonipa kelele kama hiyo. Wavulana walisimama wote upande mmoja, wakasema Penina hana utu. Wasichana wakauliza Dennis alikuwa akila chakula cha nani muda wote ule. Kipindi kiliisha na kengele ikapigwa na hakuna aliyetoka.

karani_wa_umoja:

@mwalimu_wa_fasihi asante mwalimu, na huyo Penina ananisaidia sana. Walipendana vizuri wakiwa wanafunzi, si ndio? Kilichowaua ni kodi. Mara tu stori ikaingia kwa nyumba ya kukodi na kutafuta kazi, mapenzi yakageuka hesabu. Ndo maana nasema matineja. Kwa hiyo miaka hakuna mtu analipia stima.

Na hii ya nyumba mbili zenye hadhi sawa nilikuwa sijaifikiria kwa upande wa Nairobi, lakini iko. Familia mbili pale Buru Buru, magari sawa, kanisa sawa hata, lakini mmoja jina linaanza na O, Mjaluo, na mwingine ni wa mlimani, Mkikuyu, na mwaka ni wa uchaguzi. Mbona hiyo haiandikwi sana? Waandishi wetu wanaiogopa. Wanakimbilia Runda na Kayole juu pesa haikasirishi mtu.

binti_wa_eastleigh:

Acha niingilie hapo. Mimi ni Msomali, nimezaliwa Eastleigh na kukulia Eastleigh, na kila nikipata hizi hadithi zenye msichana wa kwetu najua ukurasa wa kwanza atakuwa amefungiwa ndani, anaangalia nje kwa dirisha, anangoja kijana wa nje aje amwonyeshe dunia. Wueh. Dunia gani? Mimi nikiwa na miaka 15 nilikuwa nashinda dukani kwa mamangu, naongea na wateja kwa Kiswahili, Kisomali na kidogo cha Kikamba, naitisha mzigo, najua bei ya dola asubuhi. Huyo kijana anakuja kunionyesha nini?

Mkitaka stori ya kweli ya kwetu, andikeni kijana anakuja dukani anajifanya ananunua kitambaa, na mama anajua kabisa, na anamwachilia anunue kwanza. Anamuuzia mita tatu za kitambaa hahitaji. Mama zetu ni wachekeshaji kuliko mnavyodhani, ni vile hakuna anayewaandika wakicheka. Na kukataa kwao si chuki, dini ni dini, kuna mahali mama atasimama na hatasonga na mimi nitamwelewa hata nikilia. Nipeni hiyo hadithi, yenye hakuna mjinga.

karani_wa_umoja:

@binti_wa_eastleigh dada hapo umemjibu Baba Tash vizuri kuniliko. Yenye hakuna mjinga, hiyo nakuibia.

vitabu_vya_tomboya:

Mimi nauza vitabu vya mkono wa pili hapo Tom Mboya, wengine mnanijua. Niwaambie kile naona kwa macho.

Wanaonunua hizi hadithi si wasichana pekee. Vijana wa sekondari wananunua, ila kijana hataji jina la kitabu, anazunguka meza, anainua kitabu cha mpira, anainua cha kutafuta pesa, halafu anachukua kile alikuwa anataka na anakiweka chini ya kile cha pesa. Wanaonitafutia Pacesetters za Macmillan, zile riwaya fupi za Kiafrika, ni wazee sasa, wamezisoma wakiwa shule na wanalipa vizuri. Mama mmoja huja kila mwisho wa mwezi kutafuta Sweet Valley High, zile za mapacha wa California zilizoanza 1983, anasema alikuwa anazisomea bweni zikiwa zimeraruliwa, kila mtu na sura yake, na kuna moja hajui mwisho hadi leo juu aliyekuwa na kurasa za mwisho alishikwa na metroni.

Yenye haikai mezani kabisa ni ile ya Malorie Blackman, Noughts & Crosses, ya 2001. Huko ndani watu weusi ndo wenye nchi, wazungu ndo wa kudharauliwa, na Callum mzungu na Sephy mweusi wamekua pamoja kwa sababu mamake Callum alikuwa anafanya kazi kwao. Msichana mmoja alinirudishia ati tubadilishane, nikamuuliza hukuipenda, akasema ameipenda sana, lakini hawezi kuwa nayo kwa nyumba, mamake ni housigeli Kileleshwa na wanaishi SQ, ile nyumba ndogo ya wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa. Alichukua kitabu cha mapishi.

Baba Tash:

Hiyo ya SQ imeniingia.

mzee_wa_kaloleni:

Vijana mnaongea kama hizi tofauti zilianguka kutoka mbinguni. Huu mji ulipangwa hivyo. Wazungu wakachukua Muthaiga, Karen, huko juu kwenye hewa nzuri. Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara. Sisi tukapewa Eastlands, na mpango mkuu wa jiji wa 1948 kwa jina lake kabisa ulikuwa mpango wa mji mkuu wa koloni. Maktaba ya McMillan pale mjini ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Baadaye ndo tukawa na matawi Kaloleni na Makadara, na hawa wa Book Bunk, shirika la kukarabati maktaba, wamefanya kazi nzuri kuyafufua.

Kwa hivyo mwandishi akiweka kijana wa Kaloleni na msichana wa Parklands, hahitaji kubuni kikwazo. Kikwazo kiko kwa ramani. Wakati wetu hata mvulana wa Ziwani na msichana wa Pangani ilikuwa safari, na kama kakake alikuona steji siku hiyo hurudi na shati.

msee_wa_rongai:

Mzee alirudi bila shati 😂😂 heshima kwako guka

mzee_wa_kaloleni:

Lilikuwa la kakangu. Hiyo ndiyo ilikuwa shida kubwa.

karani_wa_umoja:

Haya nimekaa nimesoma yote, sasa nirudi kwa @Baba Tash kama nilivyoahidi.

Mzee, hofu yako sitaichekelea. Na ni kweli hizo za simu nyingi zina baba wa kadibodi. Ujue zile nyingi zinaandikwa na watoto wenyewe, Wattpad iko tangu 2006, imetoka Canada, na mtoto yeyote mwenye bando anaweza kuweka sura moja leo na nyingine wiki ijayo. Shule zilipofungwa Machi 2020 na watoto wakakaa nyumbani miezi na miezi, kuna wengi najua walianza kuandika hapo. Sasa mtoto wa miaka 15 amefungiwa nyumba moja na wazazi wake miezi hiyo yote, unatarajia aandike baba wa aina gani? Ataandika yule aliyemnyang'anya simu jana yake.

Lakini cheki vitabu vilivyokomaa. Mzazi anakataa na sababu anayo. Amewahi kuaibishwa kwa nyumba kama hiyo. Alifua nguo huko. Aliambiwa asubiri kwa geti na mvua ikamnyeshea na anakumbuka hata rangi ya geti. Sasa mtoto wake anamwambia nimealikwa lanchi na hao watu, na anasema hapana, na mtoto anaona tu roho mbaya. Msomaji anaona zote mbili. Nikiwa na miaka 16 nilikuwa naona tu mtoto, nilichukia hao wazazi kabisa, saa hii naanza kuwasikia wao kwanza. Ndo maana mtu mzima anaweza kurudia kitabu cha matineja bila aibu, hiyo nyumba ina vyumba vingi na ukubwani unapewa funguo ingine.

Na hiyo ya kukatiza masomo. Hizo stori nzuri ninazotetea, ukiangalia, mambo ya mwili ni kama hayako. Ni barua. Ni kungojana kwa steji. Ni funkie, siku shule za wasichana na wavulana zimekutana kwa drama, watu wana dakika ishirini kabla basi liondoke na mwalimu wa zamu anapita katikati yao na rula. Mtu amepewa kalamu ya mwenzake kama kumbukumbu na analala nayo chini ya mto. Hii ya kukimbizana vitandani ni vitabu vya watu wazima vimevaa sare, hata mimi sivitaki karibu na mtoto.

mwalimu_wa_fasihi:

Umesema funkie nikacheka. Wanafunzi wangu hufanya mazoezi ya shairi miezi miwili, na nusu yao hawajui hata shairi linahusu nini, wanajua tu tutakutana na shule gani.

Ila kuna jambo naona karani amelipita. Lazima kuwe na mlango wa kuwakutanisha, na waandishi wengi wanauvunja badala ya kuufungua. Gari la tajiri linammwagia msichana maji ya dimbwi, anashuka, macho yanakutana. Nani amewahi kuona hilo? Gari likikumwagia maji Nairobi linaenda zake. Milango ya kweli tunayo. Shule ya kitaifa inapokea mtoto kutoka kila kaunti, mtoto wa Turkana na mtoto wa Lavington wanagawana dabo deka. Ufadhili kama Wings to Fly, uliopo tangu 2010, unampeleka mtoto wa mtaani shule ambayo mzazi wake asingeweza hata kununua godoro la orodha yake. Halafu likizo inafika na kila mmoja anarudi kwake, na hapo ndipo hadithi inaanza.

binti_wa_eastleigh:

Haki hiyo ya likizo. Muhula wote ni marafiki, mnakula sahani moja, mnafuliana soksi. Siku ya kufunga shule mmoja anachukuliwa na gari na mwingine anabeba sanduku kwa kichwa kuelekea steji, na hawaagani vizuri. Kila mtu anajifanya ana haraka.

karani_wa_umoja:

Mwalimu mlango nakubali mia kwa mia. Na tukiwa hapo tuongelee Maria, najua mtanicheka. Ile tamthilia ya Citizen TV iliyoanza 2019, baada ya taarifa ya saa moja, mtaa wote ulikuwa kimya. Maria wa ghetto anaingia kwa nyumba ya akina Hausa, Luwi anampenda. Hao si matineja wa sekondari lakini hamu ni ile ile. Na ni nini watu walipenda pale? Nilikuwa naangalia na majirani, na kelele zote zilikuwa ni Maria akiongea Sheng mezani kwa watu wa uma na kisu. Sio harusi. Meza. Mara tu akaanza kuvaa kama wao na kuongea kama wao, mamangu alisema huyu sasa ni nani, akaenda kulala. Mimi nilimaliza lakini mamangu alikuwa sawa.

Hapo ndo hizi hadithi nyingi huharibika. Mwandishi anamwosha msichana wa mtaa, anambadilishia nywele, anamfundisha kuongea, halafu anasema sasa wanafanana, wapendane. Kama wamefanana umetuuzia nini?

msee_wa_rongai:

Sasa serious kidogo. Nyinyi wote mnaongelea maskini kuingia kwa matajiri na kuaibika. Mimi nilikuwa upande wa pili kiasi, si babi, lakini kwetu kulikuwa na gari na beki tatu. Dem nilikuwa napenda alikuwa anaishi huko ndani Ongata, mabati. Nilienda kwao mara moja. Kile kilinishinda ni vile hao watu walikuwa wanaongea. Yaani nyumba moja, watu saba, na kila mtu anajua siku ya mwingine ilikuwa aje, wanacheka, wanagombana, wanarudi kucheka. Kwetu kila mtu alikuwa na chumba na tuliongea kwa meseji. Nilirudi nyumbani nikaona imenyamaza vibaya. Hiyo sijawahi ipata kwa kitabu, mtoto wa babi akiona wivu.

karani_wa_umoja:

@msee_wa_rongai kumbe uko na akili. Lakini hapo kuna mtego, ujue. Kuna mwandishi akishika hiyo anaanza kusifu umaskini, ati maskini wana upendo, matajiri wana upweke, na mtu wa mabati akisoma anatupa kitabu juu yeye anajua hao saba wanaongea kwa sababu hakuna mahali pa kwenda kunyamaza. Ingefaa msichana amwambie hivyo uso kwa uso. Yeye anatamani kelele, huyu anatamani mlango wa kufunga, na kila mmoja anaona mwenzake haoni alichonacho. Hiyo ni kurasa kumi safi za kugombana, na mapenzi ya kweli ya hizi hadithi yako kwa kugombana namna hiyo.

Baba Tash:

Nimewasikia. Swali moja. Huwa zinaishaje? Maana kwa simu ya mama Tash zote zinaisha harusi, na wahusika wako miaka 17.

mwalimu_wa_fasihi:

Za zamani ziliishia kaburini, mzee. Shakespeare wote wawili, na Waiyaki na Nyambura tunawaacha mikononi mwa wazee wa kuhukumu. Za sasa zimeangukia harusini. Zote mbili ni njia za mwandishi kukwepa.

karani_wa_umoja:

Mimi nataka mwisho wenye matokeo ya mtihani. Wamemaliza kidato cha nne, msichana amepelekwa kusoma nje, kijana anangoja KUCCPS, wale wa kupanga watu vyuoni, imwambie ni Maseno ama ni wapi. Wanajua. Wanaongea kila siku, halafu kila wiki, halafu siku za kuzaliwa. Hakuna aliyekufa na hakuna aliyeoa, na ule mlango waliofungua kati ya nyumba mbili unabaki wazi vile, mamake msichana bado anamsalimia mamake kijana wakikutana Gikomba. Hiyo naweza kumpa mtoto wa kidato cha pili na nisiogope babake.

vitabu_vya_tomboya:

Kama hiyo niko nayo. Si ya hapa lakini inaisha hivyo hivyo karibu, hakuna harusi. Mia mbili hamsini. Baba Tash njoo na binti achague mwenyewe, ukichagua wewe hatasoma.

Baba Tash:

Jumamosi. Na nitaisoma kwanza.

karani_wa_umoja:

Atasoma kwanza, alafu atatuambia amelia 😂. Mwenye ana hadithi ya familia mbili za mtaa mmoja na makabila mawili, iliyoandikwa vizuri, aweke hapa, bado nangoja. Na kaka wa Tom Mboya hizo Pacesetters niwekee mbili, napita Ijumaa nikitoka job, na huyo msee wa Rongai usimkopeshe.